Teja Hapigi Kura, Mama Yake Anapiga

Mbunge wa kwanza niliyemfahamu kwa karibu alikuwa mdeni wangu. Nina kibanda cha uchapaji Nasser Road, hapa Kampala: kompyuta mbili, printa moja kubwa inayokohoa kila asubuhi kabla ya kuamka, na mashine ya kulaminisha vyeti. Kampeni za 2016 zilipopamba moto, mheshimiwa mmoja aliagiza mabango elfu mbili na kalenda mia tano, akalipa nusu, akashinda, akapotea. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na shida kubwa kuliko deni lile, ya mdogo wangu aliyenaswa na dawa za kulevya na sheria yake, nikajidanganya kwamba deni litanifungulia mlango wake. Thubutu! Mtu unayemdai hukukwepa hata ukimletea habari njema. Huyo tumwache. Ninayetaka kumsimulia ni mwingine.

Sisi ni watoto wa kambi. Baba alikuwa polisi, tukakulia Nsambya kwenye vile vibanda vya bati vya mviringo tulivyoviita yuniporti, ambamo saa saba mchana ungeweza kuoka mkate. Kambini lugha ilikuwa Kiswahili. Jirani wa kulia Mwacholi, wa kushoto Mteso, wa nyuma Mlugbara. Mama zetu waligombana na kupatana kwa Kiswahili, nasi tukaota ndoto zetu kwa Kiswahili. Nje ya uzio, watu wa Kampala wakitusikia walishika mifuko yao, maana kwao hiyo ni lugha ya askari na ya majambazi. Nalitaja hilo kwa sababu lilikuja kutufaa mahali nisipotarajia.

Baba alipofariki tulitakiwa kuachia nyumba. Mama akarudi kwao, mji mdogo wa njiani ambao siutaji kwa sababu mheshimiwa wake yu hai na ana mawakili. Mdogo wangu akabaki nami mjini. Alianza na bangi kama vijana wengi wa rika lake, akaishia kwenye heroini. Mwaka 2018 alikamatwa akiwa na kete mbili ndani ya soksi.

Sheria ya dawa za kulevya ya 2015 nilikuwa nimeshawatolea nakala wanafunzi wa sheria mara nyingi tu, bila kuisoma hata mstari. Usiku ule niliisoma. Kukutwa na dawa: faini isiyopungua pointi 500 za fedha au mara tatu ya thamani ya dawa yenyewe, kutegemea ipi kubwa, au kifungo cha kuanzia miaka 10 hadi 25, au vyote viwili. Pointi moja ya fedha ni shilingi 20,000. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha, nikapata milioni 10. Kete zile mbili hazikufika bei ya viatu vya mtumba. Hata kukutwa na kifaa cha kuvutia lilikuwa kosa. Na aliyebeba kete mbili kwenye soksi na aliyebeba kilo kwenye sanduku wote waliingia kwa mlango mmoja, kasoro tu kwamba wa sanduku hukuta wakili anamngoja upande wa pili.

Mdogo wangu alikaa rumande miezi 14. Askari aliyemkamata akahamishwa, hakuja kutoa ushahidi, kesi ikafutwa. Alitoka mgonjwa kuliko alivyoingia, na kitambulisho chake cha taifa kikapotelea huko huko.

Ndipo nikajiunga na watu wengine wanane, wengi wao wazazi, wawili vijana walioacha dawa, tuwaombe wabunge waibadili sheria ile. Tulianza mwaka 2019 kwa kishindo cha mtu asiyejua. Niliandaa kitabu cha kurasa 40, karatasi nzito, jalada la rangi, kimefungwa kwa waya, maana kwa upande wa uchapaji sikosi. Ndani tuliweka kila kitu. Ureno, ambako tangu 2001 mtu akikutwa na dawa kidogo za matumizi yake hapelekwi jela. Michoro. Tafiti. Tukamchagua mbunge mmoja aliyesifika kwa kusoma, tukaenda ofisini kwake wanne, tumevaa kama tunakwenda kuposa.

Alitupokea vizuri, akatuagizia soda. Akafungua kitabu katikati, akakifunga, akaniuliza, “Dada, wewe ni mpiga kura wangu?”

Nikasema hapana.

“Na huyu?” Hapana. Wote wanne hapana. Hakukasirika. Akasema suala letu ni zito, atalisoma, tuwasiliane na ofisi. Baada ya wiki mbili nilirudi kufuatilia. Kitabu chetu kilikuwa kwenye meza ya katibu, kimewekwa chini ya chupa ya chai ili isichome meza. Kwa kuwa karatasi ilikuwa nzito, kazi hiyo kiliifanya vizuri.

Nilirudi kibandani na hasira za siku tatu. Nilisema wabunge hawasomi, hawajali, wanawaza matumbo yao. Pengine wapo wa namna hiyo. Lakini yule aliniuliza swali la haki kabisa na mimi sikuwa na jibu. Ureno nayo sikuitaja tena mbele ya mwanasiasa. Ukitaja Ulaya, mheshimiwa husema “hayo ni ya Wazungu,” na mazungumzo hufia hapo. Siku hizi nasema Muhimbili, Dar es Salaam, walianza kutoa methadoni, dawa ya kumtibu aliyezama kwenye heroini, Februari 2011. Nasema Kenya walianza mwishoni mwa 2014. Nasema Ghana mwaka 2020 walibadili sheria, aliyekutwa na dawa za kutumia mwenyewe akawekewa faini badala ya jela. Kwa hizo mheshimiwa huuliza swali la pili. Mwanasiasa wa Uganda havumilii kusikia Mkenya amemtangulia.

Sisi wenyewe hatukuwa nyuma sana. Mwaka 2020 hospitali ya Butabika ilifungua kliniki ya kwanza nchini ya kutoa methadoni na dawa za aina hiyo kwa waliozama kwenye heroini. Mdogo wangu aliingia mwaka uliofuata. Nilimsindikiza wiki ya kwanza, na bado naliona lile dirisha. Muuguzi anamwita kwa namba, anaangalia sura, anaangalia kadi, anapima dawa ya maji kwenye kikombe kidogo cha plastiki. Mdogo wangu anakunywa pale pale. Anapewa maji, anakunywa. Kisha muuguzi anamwambia, “Sema kitu,” ili aone kama amemeza au ameificha shavuni. Siku ya kwanza mdogo wangu alikosa la kusema, akasema, “Nina njaa.” Muuguzi akacheka. Sikuwa nimemsikia akitaja njaa kwa miaka miwili.

Hiyo ni kila siku, Jumapili na sikukuu pamoja. Nauli ya teksi kwenda na kurudi kila siku ya Mungu ni kodi nyingine ya nyumba.

Mama ndiye aliyebadilisha kazi yetu, naye hakuwa hata mwanachama. Mapema 2022 nilikwenda kumtembelea, nikamweleza tunavyozungushwa mjini. Akasikiliza huku akichambua mchele, akauliza, “Mnakwenda Bungeni kufanya nini? Mbunge wangu mimi Jumamosi yuko kwake. Mdogo wako hana hata kitambulisho. Ninyi mnapeleka teja. Teja hapigi kura. Mimi napiga.”

Jumamosi iliyofuata saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa kwa mheshimiwa. Chini ya mwembe viti vya plastiki vimejaa, wengine wameketi kwenye mizizi. Katibu wake, kijana mwembamba mwenye simu mbili na daftari la diary lenye jalada jekundu, alipita akiandika majina. Alikuwa amegawa ukurasa safu nne: ada, ugonjwa, harusi, maziko. Kila mtu anasema safu yake.

“Mama, yako ipi?”

“Yangu haimo,” mama akasema.

Kijana alisita, kalamu hewani, akamwandika pembeni kabisa. Nadhani ndiyo maana tuliitwa mapema. Mheshimiwa alitaka kujua huyo wa pembeni ana nini.

Mama alimsalimia kwa Kiswahili cha kambini, kile kilichonyooka kama gwaride. Mheshimiwa akashtuka, akatabasamu, akajibu kwa kile kile. Kumbe baba yake alikuwa askari jela. Naye ni mtoto wa kambi. Dakika tano nzima hawakuzungumza jambo letu. Walizungumza posho ya unga na yuniporti zilivyokuwa zikiunguza. Mimi nilikuwa nimekalia mkono wangu nisije nikatoa karatasi.

Kisha mama akasema, “Mheshimiwa, sikuja kuomba ada wala sanduku la maiti. Nimekuja na mtoto. Mtazame.”

Mdogo wangu akasimama. Shati limepigwa pasi, mikono nyuma. Mama akatoa kadi ya kliniki kwenye leso, akaiweka mezani.

“Serikali inampa huyu dawa kila asubuhi Butabika. Akitoka getini, serikali inaweza kumkamata kwa sababu ya ugonjwa ule ule iliotoka kumtibu. Mwanangu, nieleze mimi nisiyesoma. Serikali ni moja au ni mbili?”

Aliposema “mwanangu” nikajua ameshamvusha mtu mto. Mheshimiwa aliishika kadi muda mrefu. Jibu lake ndilo nililokuwa sijalipata kwenye kurasa zote 40. Alisema, “Mama, nakubaliana nawe. Sijaanza kukubaliana leo. Nimezika vijana wengi. Lakini nikisimama niseme haya, jioni redio itatangaza kwamba natetea wavuta bangi. Jumapili itasemwa kanisani, na mwaka wa uchaguzi itaandikwa kwenye mabango. Siku hiyo nani atanikingia kifua?”

Miaka mitatu tulikuwa tunamwaga hoja kwenye mtungi uliojaa. Tulidhani kazi ni kumshawishi mheshimiwa. Huyu alikuwa ameshashawishika zamani, peke yake, makaburini. Alichokosa ni watu wa kusimama naye hadharani, watu ambao mpinzani wake hawezi kuwaita bayaaye, yaani wahuni. Na watu hao hawapatikani Kampala kwenye kumbi za hoteli zenye chupa za maji mezani. Wako kijijini, na wengine wanawachukia mateja kwa sababu wanazozijua wao.

Tulianza na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mzee alitusikiliza amesimama mlangoni, hakutukaribisha. Akasema, “Hao wafungwe. Sufuria yangu imekwenda, kuku wa mke wangu wamekwenda, na nyaya za umeme za jirani.” Nilitaka kubishana. Mama akanikanyaga mguu. Akamwambia, “Mwenyekiti, hata mimi nimeibiwa. Na mwizi namjua, nilimzaa mwenyewe.” Ndipo tukapewa benchi. Mama akamweleza arosto ni nini, namna mwili unavyotetema na kutapika, na kwamba mtu aliyekunywa dawa yake asubuhi hana arosto, na asiye na arosto hana shida na sufuria ya mtu. Mzee hakubadilika siku hiyo. Alikuja kubadilika baada ya kumwona mdogo wangu, likizo ya Pasaka, anachimba shimo la choo cha jirani kwa malipo ya halali. Alimwangalia siku mbili kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani.

Sheikh wa mtaa alikubali matibabu, akakataa kabisa habari ya kuwagawia mateja sindano safi. Vijana wenzangu walitaka tumrudie mpaka akubali yote. Nilikataa. Aliyekupa nusu ya njia usimkamate shati akupe na nusu nyingine; atachukua hata ile aliyokupa. Mkubwa wa polisi alituambia wazi hawezi kutia saini popote, ila amechoka kujaza selo yake kwa vijana walewale kila wiki, na tukiitisha mkutano atakuja kuketi. Akaja, akaketi mstari wa mbele na sare yake, hakusema neno. Kuketi kwake kulisema mengi kuliko hotuba yangu. Akina mama wa kikundi cha kuweka akiba ndio walikuwa wepesi kuliko wote. Kati ya wanachama thelathini na kitu, saba walikuja kutunong'oneza pembeni kwamba na wao wana mtoto.

Hatimaye tulipata barua ya ukurasa mmoja. Ukurasa mmoja! Mimi niliyechapa 40. Ombi lilikuwa moja: sheria imtenganishe mtumiaji na mfanyabiashara, na anayekutwa na kidogo cha matumizi yake apelekwe kutibiwa. Chini, majina na mihuri. Usidharau mhuri. Hapa kwetu barua isiyo na mhuri wa LC1 ni karatasi ya kufungia chapati.

Jambo moja linaniuma mpaka leo. Tulipoona mdogo wangu anafungua milango, tulimgeuza kitu cha kuonyesha. Leo kwa diwani, kesho kwa mchungaji, keshokutwa redioni. Kila mahali asimame, aeleze alivyoiba, alivyojidunga, watu watikise vichwa. Siku moja asubuhi nilimkuta ameketi kitandani na shati lake la mikutano mapajani. “Dada, leo sitaki kuonyeshwa.” Nikamwambia ni mkutano muhimu. Akasema, “Yote ni muhimu. Mimi kazini wananijua kama fundi. Nikitoka huko wananijua kama teja tena.” Hakwenda, na hakurudi tena kwenye mikutano hiyo. Tulipaswa kumuuliza mwanzoni, kabla ya kwa mheshimiwa, maana hata siku ile alisimama kwa sababu mama alimwambia asimame. Sasa tunauliza, na akikubali tunakubaliana atasema nini na nini hakisemwi, na hakuna picha. Mheshimiwa akitaka picha apige na mihuri.

Mwaka 2023 ukaja na kioja. Tarehe 5 Mei Mahakama ya Katiba ilifuta sheria yote ile ya 2015. Haikufutwa kwa sababu ya kete mbili wala kwa sababu ya methadoni. Ilifutwa kwa sababu Bunge lilipoipitisha mwaka 2014 halikuhakikisha akidi. Katiba yetu inataka angalau theluthi moja ya wabunge wenye haki ya kupiga kura wawemo ukumbini. Nikakumbuka ile miezi 14. Mdogo wangu alilala kwenye sakafu ya saruji kwa sheria iliyopitishwa bila kuhesabu waliomo. Niliizima printa siku hiyo mchana, nikakaa tu.

Na waliokwenda mahakamani hawakuwa sisi. Walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mirungi wa Wakiso, walioshitaki tangu 2017 kwa sababu sheria ile iliharamisha zao lao. Nimewafikiria sana watu hao. Wana mashamba, wana ada za watoto zinazotoka kwenye majani yale, wana kura nyumba hadi nyumba. Mbunge wa maeneo yao hahitaji kuelimishwa kuhusu mirungi. Anajua asipoitetea atarudi kulima. Mateja wetu hawana shamba. Wana mama zao tu, na mama zao wanaona aibu.

Tulifurahi kupita kiasi. Wengine mtaani walidhani bangi imeruhusiwa, wakavuta barabarani, wakatuharibia. Serikali haikulala. Muswada mpya ulirudi Bungeni na Agosti mwaka huo huo ukapitishwa, safari hii wakiwa na macho mawili kwenye akidi. Baadaye Rais akautia saini. Ukali ule ule, majani yale ya mirungi yakibaki pabaya pale pale.

Na mheshimiwa wetu? Barua alikuwa nayo, mihuri alikuwa ameisifu. Alituahidi atazungumza. Siku muswada ulipojadiliwa nilifunga kibanda mapema nikasikilize. Sikusikia jina lake. Usiku nikampigia katibu. “Mheshimiwa alikuwa kwenye maziko,” akasema. Mzee mmoja mashuhuri wa jimbo. “Ningejua muswada wenu unakuja leo ningempanga vingine. Hamkuniambia.”

Hatukumwambia. Tulikuwa tumemweleza mheshimiwa, mwenyekiti, sheikh, polisi, akina mama. Mtu anayeshika ile diary nyekundu tulikuwa tunamwona kama kizuizi cha kuruka. Tulimpa mkono tu na kupita. Sisemi kwamba sauti moja ingeugeuza muswada, isingeugeuza. Lakini ingebaki kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge, na tungekuwa na mahali pa kuanzia safari nyingine.

Tangu hapo nimemfanya kijana yule rafiki. Nisieleweke vibaya, sijampa bahasha. Aliwahi kutuomba “mafuta ya gari” na tukamwambia hatuna, akacheka, hakurudia. Mheshimiwa naye alitualika kwenye harambee ya darasa, tukachanga shilingi 20,000. Mdogo wangu akasema tumelipa pointi moja ya fedha, zimebaki 499. Ninachompa katibu ni taarifa. Kila Jumatatu namtumia ujumbe wa mistari mitatu: kamati gani inakaa, jambo gani letu linagusa, tunaomba nini. Ananijibu siku na saa. Alinifundisha mengi yasiyo kwenye kitabu chochote: kwamba Jumanne mchana mheshimiwa husikia vizuri kuliko Alhamisi, kwamba karatasi ikikunjwa mara mbili huingia mfuko wa koti na kusomwa kwenye gari, na ikiwa kubwa hubaki ofisini, kwamba usiombe jambo mbele ya wageni wake, maana mbele za watu atakubali na kukubali huko hakuna uzito.

Tulipunguza pia tunachoomba. Kubadilisha sheria iliyotoka kupitishwa juzi ni kumpigia ukuta ngoma. Sheria ile ya 2015, kwa ukali wake wote, ilikuwa na sehemu nzima kuhusu vituo vya kuwarekebisha walioathirika. Basi tukamwambia mheshimiwa, uliza tu: vituo viko wapi? Mtu wa kijijini kwetu atakunywaje dawa ya kila siku iliyo Butabika? Swali hilo halimfanyi mtu atajwe redioni kama mtetezi wa bangi. Alilipeleka kwa barua wizarani. Kwa madiwani wa wilaya tukaomba kidogo zaidi, wauguzi wawili wa kituo cha afya wafundishwe kumtambua mwenye arosto na kumpeleka panapostahili badala ya kuita polisi. Walikubali kikao cha pili, baada ya mwenyekiti wa LC1, yule wa sufuria, kusimama na kusema anawajua watu wawili waliotibiwa na kuku wake wamefika kumi na moja.

Mheshimiwa alianguka kwenye kura za mchujo mwaka 2025. Barabara mbovu ndiyo iliyomwangusha, sisi hatukutajwa popote, jambo ambalo nakiri lilinipa faraja ndogo ya aibu. Mama alikasirika kweli. “Nimemlea miaka mitatu,” akasema, kana kwamba amempoteza mbuzi wa maziwa. Uchaguzi wa Januari 2026 ulikuwa unakaribia, Nasser Road imefurika, printa yangu inafanya kazi mpaka saa nane usiku, na mimi nawaza kwamba itabidi tuanze upya na mtu mpya ambaye sijui baba yake alilala kambi gani.

Jioni moja, nimeinama nakata kalenda, mtu akagonga kaunta. Anataka mabango elfu tatu ya mgombea aliyemshinda mheshimiwa wetu. Nikasema bila kuinua kichwa kwamba sikopeshi, fedha zote kwanza. Akaanza kuhesabu noti. Niliponyanyua macho nikaona simu mbili juu ya kaunta, na diary mpya, hii ya kijani.

“Dada,” akasema, “kwenye safu zangu nimeongeza ya tano. Sijui niiteje. Mama hajambo?”